Alama Mbili Mkiani

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Waliosema hivyo hawakuwahi kufanya kazi kwenye maabara ya panya. Wangefanya, wangeongeza kwamba mwenye kikohozi hicho asipewe siri ya kutunza.

Kijana wetu alipewa. Wenzake walimwita Msiri, na jina hilo hakulichagua, lilimjia na kazi. Katika mafunzo yale ya utafiti, yaliyowakusanya wanafunzi likizo nzima ili waandaliwe kwa masomo ya juu ya ubongo, kila wawili walifanya kazi pamoja, mmoja akijua na mwingine asijue. Anayejua ndiye aliyewachoma panya sindano, wengine dawa ya kutuliza hofu, wengine maji ya chumvi matupu. Asiyejua ndiye aliyekaa nyuma ya kioo na kuwapima, ili jicho lake lisimpendelee panya yeyote. Wa kwanza aliitwa msiri, wa pili aliitwa kipofu. Wanafunzi wengine waliyacheka majina hayo siku ya kwanza, wakayaacha. Kijana wetu na binti aliyepangwa naye yaliwaganda, mpaka siku moja kijana akamwambia binti, "Kipofu wangu, umekula?" na binti hakukasirika. Aliinama akauma ncha ya kalamu, na siku ile panya hawakupimwa vizuri.

Profesa, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, aliwapa sharti lao mapema. "Kuleni pamoja, chekeni pamoja, mkitaka pendaneni, hayo si yangu. Lakini msiri asifungue mdomo. Kipofu akishafumbuliwa macho, hayafumbiki tena."

Basi kwa kuwa kazi ilikuwa haramu kuizungumza, walizungumza mengine yote. Walizungumza utoto wao, ndoto zao mbaya, walimu waliowachapa, viatu walivyovitamani wakavikosa. Msiri alikuwa akileta panya, anamweka kwenye sanduku la majaribio, halafu anapita nyuma ya kiti cha binti akielekea mlangoni. Hapo nyuma ya kiti alikuwa hana haraka hata kidogo. Binti alikuwa hageuki, ila shingo yake ilijua.

Yote hayo sasa yalikuwa yamegeuka kilio. Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo, asubuhi, na wawili hao walikuwa wamejifungia kwenye chumba cha kuoshea vizimba, bomba likimwaga maji ili sauti zao zisitoke nje.

"Nakwenda kumwambia Profesa," alisema Kipofu.

"Huendi."

"Nakwenda! Silali, sili. Kila nikifumba macho naona mikia ya panya. Hivi wewe unalalaje?"

"Nani kakwambia nalala?" Msiri aliweka kizimba chini. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. "Punguza sauti, mpenzi. Tafadhali."

"Usiniite mpenzi leo. Upendo wako ndio ulionifikisha hapa."

Alilisema, na papo hapo akajuta, maana uso wa kijana ulisinyaa. Lakini alichosema kilikuwa kweli.

Ilitokea hivi. Kazi ya binti ilikuwa kumwangalia panya akisikia kengele. Panya wale walikuwa wamezoeshwa kwamba kengele ikilia, kinafuata kishtuo kidogo cha umeme miguuni; kwa hiyo wakiisikia tena huganda kwa hofu, hata unyoya hautikisiki. Akiganda, binti anabonyeza kitufe. Akisogea, anakiachia. Ukisikiliza unaona kazi ya mtoto, lakini kuganda nako kuna utata wake. Panya anaweza kutulia huku sharubu zinacheza. Ameganda huyo, au amepumzika tu? Hapo ndipo dunia nzima ya sayansi inapoutegemea mkono usio na upande.

Kazi ilipofika katikati, binti alianza kukata tamaa. Machoni kwake panya wote waliganda sawasawa. Alikaa mkahawani mbele ya chai iliyopoa, machozi yakamtoka. "Dawa haifanyi kazi," alimwambia Msiri. "Sina nitakachoonyesha. Narudi nyumbani mikono mitupu, na kaka yangu atanitazama tu, hatasema kitu, na hilo ndilo siliwezi."

Msiri aliweza kuvumilia mengi duniani, ila si machozi ya binti huyu. Akamshika mkono. "Usilie. Mbona wale wenye alama mbili mkiani hawagandi sana? Hujawaona?"

Kila kizimba kilikuwa na panya wawili, mmoja kapakwa alama moja ya wino mkiani, mwenziwe mbili, ili wasichanganywe. Kura ya dawa iliwaangukia wenye alama mbili. Hilo alilijua Profesa na alilijua Msiri, basi. Neno lilimtoka kijana kama chafya. Binti aliziba masikio, lakini aliyaziba neno likiwa limeshaingia. Wakabaki wanatazamana kama watoto waliovunja sahani ya mgeni.

Hawakusema kwa mtu. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme kwanza, siku zikapita, na binti akaendelea kupima. Alijitahidi, Mungu ni shahidi wake. Lakini mwenye alama mbili akitulia, kidole chake kilisita, na mwenye alama moja akitulia, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Mwisho wa kazi, grafu ilitoka nzuri ya kupendeza. Profesa alisimama akiitazama, akavua miwani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akasema, "Hii ndiyo kazi. Nafasi ni yako, binti. Nitaitangaza siku ya mwisho."

Nafasi yenyewe ilikuwa moja. Kila mwaka, mafunzo yakiisha, Profesa alimbakiza mwanafunzi mmoja amsomeshe hadi shahada ya pili, chumba juu yake, chakula juu yake. Wengine waliobaki walishikwa mkono na kutakiwa safari njema.

"Tungepima upya," alisema Msiri sasa, akifunga bomba, kisha akalifungua tena alipokumbuka kwa nini lilikuwa wazi. "Mtu mwingine angewapima."

"Atampima nani? Panya akishasikia kengele bila kushtuliwa, hofu yake imeshachuja, hafai tena. Na juzi umewalaza kwa mkono wako, bongo zao zimo kwenye chupa. Hata kamera ya chumba kile ilikufa kabla hatujaanza. Kilichobaki ni kidole changu tu, na kidole changu ni kiongo."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Msiri alichuchumaa mbele yake, akaikausha mikono kwenye koti lake jeupe, akaishika ya binti. Kipofu aliangalia kope za kijana, ndefu kuliko za mwanamke yeyote aliyemjua, akatamani wangekutana mahali pengine kabisa, kwenye foleni ya posta, kwenye msiba wa mtu wasiyemjua, popote pasipo na siri.

Simu ikalia kwenye mfuko wake. Alikuwa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na hakujua kuongea taratibu hata akiwa chumbani, sembuse akiwa karakanani na mashine zinanguruma. Simu ilikuwa sikioni mwa binti, lakini Msiri alisikia kila neno.

"Mdogo wangu! Leo ni leo! Umeamkaje?"

"Salama, kaka. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Sikiliza, wifi yako yuko hapa. Hajaenda kazini, anasema haendi mpaka asikie habari zako. Nimemwambia mambo bado, anasema atakaa hapahapa juu ya chuma."

"Msalimie."

"Anakusikia. Juzi baba yake kaniita. Kaniambia, kijana, binti yangu si ndizi ya kuvundikwa. Nikamwambia mzee wangu, vumilia kidogo tu, mdogo wangu akishapata mtu wa kumsomesha, siku ileile nakuja na wazee wangu kutoa posa. Nimemwahidi, unanielewa? Nimempa neno langu."

"Nakuelewa, kaka."

Msichana yule, wifi asiye wifi bado, alikuwa amemsubiri kaka mtu tangu Kipofu akiwa kidato cha kwanza. Kila mwaka harusi ilisogezwa ili mdogo mtu asome. Hakuna aliyewahi kumtupia binti neno. Wifi alikuwa akimletea sabuni na mafuta kila anapofunga safari ya shule, anacheka, anamwambia, "Soma haraka basi, mimi nazeeka."

"Na jambo lingine," kaka aliendelea, na mashine ikazimwa huko aliko, maana yake jambo lilikuwa zito. "Mama kaniambia kuna kijana huko."

Kipofu alimtazama Msiri. Msiri alitazama sakafu.

"Kijana gani, kaka?"

"Usinizungushe. Mimi hapa nimemwambia mtu anayenipenda anisubiri miaka yote hii kwa ajili yako. Wewe umeshindwa kusubiri likizo moja?"

"Si hivyo, kaka."

"Ni hivyo. Simjui, sina ubaya naye. Lakini mnagombea nafasi moja, na mtu wa namna hiyo akikupenda leo, kesho atakwambia umpishe. Wanaume nawajua, mimi mmoja wao. Achana naye. Haya, nenda kajiandae, ukimaliza tu upige. Tunasubiri wote."

Simu ilikatika. Maji yalikuwa yanafurika kwenye karo, hakuna aliyeyajali.

"Kaka yako ana haki," alisema Msiri.

"Haki gani? Hakujui."

"Ana haki ya kutomtaka mtu asiyemjua." Alisimama, akazunguka chumba kile kidogo, akagonga goti kwenye rafu, akarudi. "Sikiliza. Ukienda kusema, tunaondoka wawili. Nikienda kusema mimi, anaondoka mmoja."

"Utasema nini?"

"Kwamba niliropoka. Hilo ni kweli. Na wewe ukiulizwa, sema hukusikia."

Binti alimkodolea macho. "Nisemeje?"

"Hukusikia. Neno moja tu."

"Nisimame mbele ya mtu niseme nilikuwa na wewe, mkono wangu mkononi mwako, nawe ukanena, nami sikukusikia? Hiyo ni kukukana!"

"Ni neno tu."

"Kwako ni neno. Mimi hata wanikalishe juu ya makaa silisemi." Alinyanyuka, akajipangusa macho kwa kiganja. "Mchana nitasimama ukumbini, na kabla sijaonyesha ile grafu nitawaambia watu wote kilichotokea. Tuanguke wote, lakini tuanguke pamoja."

"Na wifi yako?"

Swali lile lilimchoma mahali ambapo hakuwa na ngozi. Alimsukuma Msiri kifuani, kwa mikono miwili, kwa nguvu, kisha akamkumbatia palepale alipomsukuma, akalia mdomo ukiwa umezama kwenye koti lake linalonuka sabuni na maranda ya vizimba. Kijana alimfunika kichwa kwa kiganja. Hakusema tena. Angekuwa na akili timamu binti angelishangaa kimya kile, kwa sababu Msiri hakuwa mtu wa kushindwa mjadala kirahisi.

"Niache nikavae," alisema hatimaye.

"Nenda."

"Utakuja ukumbini?"

"Nenda kavae, Kipofu wangu."

Bwenini alivaa gauni lake la heshima, lile la kola, akasimama mbele ya kioo kilichopasuka pembeni akajaribu maneno. Ndugu waliohudhuria, kabla ya yote. Hapana. Waheshimiwa, kuna jambo. Hapana. Mwishowe akaona maneno mazuri ni ya mtu mwenye kitu cha kuficha, akaamua atasema wazi: niliambiwa, nikajua, nikaendelea. Aliyarudia mpaka mchana ukakaribia. Niliambiwa, nikajua, nikaendelea. Alijiona jasiri. Zaidi ya hapo alijiona mpenzi wa kweli, mwanamke ambaye mtu angeweza kumtegemea.

Mlango ukagongwa. Alikuwa katibu muhtasi wa Profesa, mama mnene mwenye huruma kwa kila mtu isipokuwa wachelewaji.

"Mwanangu, unaitwa ofisini."

"Si tunaanza mchana?"

"Unaitwa sasa. Yule mwenzako yuko humo tangu asubuhi." Akashusha sauti. "Kuna nini? Mbona Profesa hata chai kaikataa?"

Kipofu alifunga mlango. Alitembea nyuma ya mama yule kwenye korido ndefu, akipita milango yenye picha za ubongo uliokatwa vipande, na kila alipovuta pumzi alijiambia maneno yake. Niliambiwa. Nikajua. Nikaendelea.

Profesa alikuwa ameketi nyuma ya meza, miwani mkononi. Msiri alikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mgongo wima. Koti lake jeupe lilikuwa juu ya meza, limekunjwa vizuri, na funguo za maabara zimewekwa juu yake. Binti alipoyaona yale makunjo alielewa kila kitu.

"Kaa," alisema Profesa.

Alikaa.

"Huyu mwenzako amekuja kwa miguu yake. Anasema siku moja mkahawani aliropoka. Alikuwa anaongea na ndugu yake kwenye simu, anajisifia kazi, akataja ni panya gani waliopewa dawa. Ulikuwa meza moja naye. Anasema ulikuwa na hedifoni masikioni, unasikiliza mhadhara, na kwamba baadaye dhamira ilimsuta kwa kuwa hajui kama neno lilikufikia au halikukufikia."

Hadithi nzuri. Ilikuwa imeshonwa vizuri kiasi kwamba Kipofu kwa nukta moja aliziona hizo hedifoni, akazihisi masikioni. Akamgeukia Msiri. Kijana alimtazama, na macho yale, ambayo siku zote yalikuwa na mzaha pembeni, hayakuwa na mzaha wowote. Yalikuwa yanamwomba.

"Yeye kwangu ameisha leo," Profesa aliendelea. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Na nasikitika, maana mikono yake ni mizuri kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyemfundisha sindano. Lakini msiri aliyefungua mdomo siwezi kumwandikia barua ya kumpeleka chuo chochote. Atafute kazi nyingine. Hilo nimeshamwambia, naye amelikubali."

"Nimelikubali, Profesa," alisema Msiri.

"Sikukuuliza." Akamrudia binti. "Sasa ni wewe. Kama hukusikia, kazi yako ni safi, na mchana utaieleza mbele ya watu. Kama ulisikia ukaendelea kupima huku unajua, kazi ile haina maana na mimi siwezi kukaa na mtu kama huyo. Sina njia ya kuhakikisha. Nina neno lako tu. Kwa hiyo sikuharakishi, kunywa maji kwanza kama unataka, maji yapo hapo. Nataka uikumbuke vizuri siku ile. Pale mkahawani, je, ulisi..."

"Sikusikia, Profesa."

Nje mtu alikuwa anaburuta viti kuvipeleka ukumbini. Msiri alifumba macho.

Profesa alivaa miwani yake. Alimwangalia binti kwa namna ambayo binti hakuijua tafsiri yake, huenda ilikuwa ahueni, huenda ilikuwa uzee tu. "Vema," akasema. "Nafasi yako iko palepale. Nenda ukajiandae. Wewe kijana, subiri utie sahihi."

Kipofu alisimama. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani, na wepesi ule ndio uliomtia hofu. Maneno yake yote ya kwenye kioo yalikuwa bado yamo kinywani, hakuna hata moja lililotumika. Alitafuta alipoyapoteza, asipaone. Alikuwa ameingia na ukweli, ametoka na nafasi, na katikati hapakuwa na kitu.

Alimsubiri koridoni. Alijisemea kwamba akitoka atamkumbatia, atamwambia ni kwa ajili ya kaka, ni kwa ajili ya wifi, atamwapia kwamba siku moja atarudi kwa Profesa na kueleza. Alijipangia mengi. Mlango ulipofunguka, Msiri akatoka bila koti lake, amevaa shati tu, binti akamwona mwembamba kuliko siku zote.

"Umefanya vizuri," alisema Msiri.

"Usiniambie hivyo."

"Umefanya nilichokuomba."

"Kwa nini hukunisubiri? Nilikuwa naenda kusema! Nimevaa, nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu. Uliza hata kioo."

"Najua."

"Huniamini?"

"Nakuamini."

"Basi niangalie."

Alimwangalia. Binti alikuwa ameyazoea macho yale yakimtazama kupitia kioo cha maabara, yakimchokoza, yakimngoja ageuke. Sasa yalikuwa ya upole sana, upole wa mtu anayemuaga mgonjwa.

"Utakwenda wapi?"

"Kwa mjomba. Ana duka la vipuri. Nati na boliti hazina hofu, hazihitaji sindano." Alijaribu kucheka, kicheko kikakwama.

"Nitakuja kukutafuta. Nikishatulia hapa, kaka akishaoa, nitakuja. Nitamwambia Profesa kila kitu, nakuapia kwa..."

"Usiape."

"Umenikasirikia."

"Sijakasirika hata chembe. Nilipokuwa kwenye kile kiti nilikuwa namwomba Mungu useme vile. Nilikuwa naomba kwa moyo wote. Uliposema, nikashukuru."

"Sasa kuna nini?" Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kola ya gauni la heshima. "Niambie. Wewe hujawahi kunificha kitu, hata ulichotakiwa kunificha. Leo unanificha nini?"

Viti viliendelea kuburutwa, mtu akajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Kijana aliutazama mkono wa binti uliomshika, akaupapasa kidole gumba, kile kidole cha kubonyezea.

"Nilidhani utasita," alisema. "Kidogo tu. Nilidhani Profesa atalazimika kukuuliza mara mbili."

Kipofu alifungua kinywa. Alitafuta neno, lolote, hata la uongo, hata la kumkasirisha, mradi asibaki kimya mbele ya mtu huyu. Halikuja. Katibu muhtasi alitokeza kichwa mlangoni mwa ukumbi akamwita, mwanangu, watu wameshakaa, wewe ndiye wa kwanza. Simu nayo ilianza kutikisika kwenye mfuko wake, bila shaka kaka kashindwa kusubiri.

Msiri aliutoa mkono wake taratibu. Akamshika binti mabega, akamgeuza, akamwelekeza ukumbini, na kumsukuma kidogo tu mgongoni. Binti alikwenda. Alitembea akijiambia atageuka akifika kwenye kizingiti, na alipofika kwenye kizingiti akageuka, korido ilikuwa tupu.

Ukutani, juu ya jukwaa, grafu yake ilikuwa imeshawashwa, nzuri ya kupendeza, na watu walipomwona anaingia wakaanza kupiga makofi.